Dumu la Asali Nililolipeleka Ikutha

Wanaonijua pale Manyoni watawaambia kwamba mimi Hamisi si mtu wa kushangazwa na kitu. Shule niliiacha darasa la nne, nimelala stendi, nimeibiwa mtaji mara mbili na nikaanza upya mara tatu (hesabu hiyo msiniulize), nimefukuzwa na nyuki, na tembo, na bwana mmoja wa ushuru, wote nikawashinda mbio, na leo nina maduka mawili ya asali, mashine ya kukamua alizeti, na nyumba ya vigae ambayo watu wa bodaboda huitumia kuelekeza wageni. Nilikuwa nasema kwa mdomo wangu huu kwamba jambo la kunishangaza mimi bado halijazaliwa. Basi lilizaliwa, lilizaliwa Kenya, mahali panapoitwa Ikutha, mchana kweupe, mbele ya watu wasiopungua themanini waliovaa nguo zao nzuri, na baba yake na mama yake ni mimi mwenyewe. Naona aibu mpaka leo nikisimulia, lakini heri mnisikie mimi kuliko muisikie kwa watu wa Namanga, maana huko naambiwa inasimuliwa na chumvi imeongezwa.

Nina rafiki anaitwa Muthama, Mkamba wa Nunguni, upande wa Makueni. Tulijuana Arusha zaidi ya miaka kumi iliyopita, yeye akifuata vitunguu, mimi nikiuza asali, na wakati huo Muthama alikuwa mlevi, nalisema wazi kwa sababu mwenyewe hulisema wazi kanisani akiwa ameshika kipaza sauti. Mara moja nilimkuta nyuma ya gesti amelalia gunia la vitunguu vyake mwenyewe, hela ya mzigo imetokeza mfukoni, nikakaa hapo na kahawa yangu mpaka akazinduka, asiibiwe, na tangu siku hiyo tukawa ndugu. Miaka sita iliyopita akaokoka. Aliacha pombe kabisa, akajenga, akapanda parachichi, mke wake akanenepa. Watu wakiongelea wokovu mimi kama Mwislamu huwa nasikiliza tu kwa adabu, lakini kwa Muthama niliuona kwa macho.

Sasa mwaka jana akanipigia simu. Kijana wake Kioko anaoa, binti anaitwa Mwende, kwao ni Ikutha, kule Kitui, na akanitaka nifike wiki nzima kabla. "Usikuje kama mgeni wa kula na kuenda," akaniambia. "Kuja ukae na sisi kwa nyumba." Harusi ya kanisani ilikuwa Jumamosi, lakini akanieleza kwamba kwao harusi ya kanisani peke yake haitoshi, lazima kwanza mbuzi waende kwa wakwe (wao huwaita athoni), mbuzi watatu na vitu vingine, na hiyo ingefanyika Alhamisi. Na katika hivyo vitu vingine kulikuwa na asali lita ishirini. Zamani, akasema Muthama, asali hiyo wazee waliitaka ya kutengenezea pombe, siku hizi wazee wameokoka, wanaweka kwa chai, lakini hata hivyo asali lazima ifike.

"Asali niachie mimi," nikamkatiza. "Utanunuaje asali na Hamisi yuko hai?"

Nikachagua dumu bora kuliko yote dukani, asali ya misitu ya miombo, nyeusi, nzito, ile ambayo ukiinamisha kijiko inafikiri kwanza ndipo inashuka. Nikalijaza mpaka shingoni. Mpaka nafika Namanga siku ya Ijumaa nilikuwa mtu safi kabisa, nisiyedaiwa na Mungu wala binadamu.

Pale mpakani, nikisubiri gari la upande wa pili, akaja mama mmoja mfanyabiashara, akaomba kuonja, akafumba macho, akataja bei ya lita tano. Mimi ni mtu wa biashara, nikitajiwa bei nzuri mkono unakwenda wenyewe, akili inafuata baadaye kwa miguu. Nikampimia. Alipoondoka nikalinyanyua dumu nikasikia linacheza, chubwi chubwi chubwi, kama tumbo la ng'ombe aliyekunywa maji, nikajiona ninavyoingia Nunguni, Hamisi mzima wa maduka mawili, na dumu lisilojaa. Watasema asali nimeila njiani. Nikanunua maji ya chupa (ya chupa, jamani, si ya bomba, nilikuwa na heshima zangu), nikamwomba mama ntilie ayapashe yawe vuguvugu yachanganyike vizuri, nikajaza, nikatikisa, nikafunga. Likajaa. Likapendeza.

Na msifikiri nilikuwa sijui. Mtu yeyote wa asali anajua kwamba asali safi unaweza kumwachia mjukuu wako, lakini ukiitia maji, siku chache tu inaanza kugeuka kuwa kitu kingine. Nilijua. Ila nilipiga hesabu: leo Ijumaa, mpaka Alhamisi ni siku sita, na Nunguni nimeambiwa ni mlimani, kuna baridi, itavumilia. Wakishaipokea, yaliyobaki ni kati yao na chai yao.

Muthama alinipokea Sultan Hamud na pikapu yake, tukapanda mlima, na kweli baridi ya Nunguni si ya mchezo, mimi mtu wa Manyoni nililala na mablanketi matatu na soksi. Lakini kukaa pale! Nimekaa kwa ndugu zangu wa damu sijatunzwa vile. Kioko alihamia kwa rafiki yake akaniachia chumba chake. Mama Kioko, mke wa Muthama, kila alipotaka kunipikia kuku alimleta jogoo mzima mzima pamoja na kisu, akageuka pembeni akasema, "Mzee Hamisi, chinja mwenyewe, ndio ukule na amani." Na sala zao za kabla ya kula ni ndefu, chai inapoa, lakini jina langu lilikuwa linatajwa kila mara, na duka langu linatajwa, na nyuki zangu zikatajwa, sasa utalalamikaje?

Dumu walitaka kuliweka stoo. Hapo Muthama akasema neno moja tu bila nia mbaya: "Baridi ya hapa hugandisha asali." Mimi nikashtuka, kwa sababu ikianza kuganda itajitenga, nzito itakwenda chini na majimaji yatabaki juu, na mtu mwenye macho ataona. Nikamwambia shemeji asali ya kwetu inataka joto. Likawekwa jikoni, hatua mbili kutoka kwenye mafiga, na moto wa nyumba yenye harusi hauzimwi. Yaani kama ningetaka kuiharibu kwa makusudi nisingepata mahali bora zaidi.

Jumatatu asubuhi Mama Kioko akaniita.

"Mzee Hamisi, hii dumu yako imenona."

"Imenona vipi, shemeji?"

"Jumamosi ilikuwa imesimama tu sawa. Leo iko na tumbo."

Nikatazama. Lilikuwa na tumbo kweli, pande zote mbili, kama mheshimiwa.

"Asali nzuri hupumua," nikasema.

"Ya huku huwa haipumui."

"Ndiyo maana mmeagiza ya Tanzania."

Akacheka, akaendelea na kuni zake zilizokuwa mbichi, moshi mtupu, ukimwona machozi yanamtoka utadhani kuna msiba. Alipotoka nje nikalegeza kifuniko. Dumu likapiga mluzi. Povu jeupe likachungulia likarudi, na harufu ikanijia puani. Mimi pombe sijawahi kuonja, lakini nimepanga miaka tisa jirani na kilabu, harufu ile ilikuwa inanisalimia kwa jina. Nikafunga haraka nikaenda kusifia parachichi za Muthama.

Huko shambani, siku ya pili yake, ndipo Muthama akaniambia jambo ambalo alikuwa hajaniambia kwenye simu.

"Unajua huyu baba ya Mwende alitukataa mara mbili?"

"Kwa nini? Kioko si kijana mzuri?"

"Kioko hana shida. Shida ni mimi." Alikuwa anakata tawi, hakunitazama. "Mzee Kimanzi ni mzee wa kanisa, na ndugu yake mdogo alimalizwa na pombe, yeye ndiye alimzika. Akauliza watu wa hapa Nunguni juu yangu, wakamwambia vile nilikuwa. Sasa akasema msichana wake hawezi kuingia boma ya mlevi. Pastor wetu alienda mpaka Ikutha kunisimamia. Ndio mzee akakubali, lakini na sharti. Alisema, siku tone moja ya pombe itaingia kwa boma yangu na watu wa Muthama, hiyo maneno imeisha, hata kama keki imeshapikwa."

"Tone moja?"

"Tone moja, Hamisi. Na yeye si mtu wa kusema kitu mara mbili."

Pale pale nilipaswa kufungua mdomo. Nilikuwa na maneno tayari, nilikuwa hata nimeshika bega lake, na nikasema: "Mti huu unazaa kiasi gani kwa msimu?" Jioni mkewe naye akanipa nafasi nyingine bila kujua, akasema labda njiani pale Kibwezi wanunue dumu lingine la asali, la akiba, kwa sababu hili halimpendezi. Nikajifanya nimeumia. Nikasema shemeji, nimetoka Manyoni na asali begani, uninunulie ya barabarani? Akaomba msamaha. Yeye ndiye aliyeomba msamaha! Kiburi ni kitu cha ajabu sana, kinaweza kukaa juu ya hofu na zote mbili zikatosha ndani ya mtu mmoja.

Jumatano nikawa nakwenda jikoni kila baada ya muda nalegeza, linapiga mluzi, nafunga. Mpaka mama mmoja aliyekuja kusaidia kupika akamuuliza Mama Kioko kwa nini mgeni wao anapenda jikoni hivi. Na Alhamisi asubuhi, kwa kuogopa lisimwagike kwenye pikapu, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikakikaza tena kwa kitambaa.

Tukashuka mlima. Kadiri tunavyoshuka joto linapanda, tukapita Kibwezi, tukavuka mto, jua la huko nalifahamu, ni kama la kwetu, halina mzaha. Dumu lilikuwa nyuma pamoja na mbuzi watatu. Tulipoacha lami tukaanza kurukaruka kwenye barabara ya vumbi, nikageuka kutazama kwa kioo cha nyuma, nikaona mbuzi wote watatu wamesongamana kona moja, na dumu liko peke yake kona nyingine, limevimba mpaka limekuwa kama mviringo. Wale mbuzi walikuwa na akili kuliko mimi.

Kwa Mzee Kimanzi tulipokewa vizuri sana. Akina mama waliimba getini, hema lilikuwa limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, wao huku sisi kule, meza katikati. Mzee mwenyewe ni mrefu, mkimya, koti la kijivu, shati jeupe, miwani. Alimpa Muthama mkono lakini niliona alivyovuta pumzi kwanza, taratibu, kama anayempima. Muthama naye aliona. Ikaombwa sala. Mbuzi wakatazamwa wakakubaliwa, mablanketi yakahesabiwa, sukari ikapokewa, kila kitu kinakwenda kwa utulivu. Msemaji wetu akasema, "Na sasa kuna asali."

"Imetoka wapi?" akauliza mama mmoja upande wa pili. Huyo alikuwa Syombua, dada yake Mzee Kimanzi, na nilikuja kujua kwa kuchelewa kwamba ndiye anayeuza asali sokoni Ikutha.

"Imetoka Tanzania."

"Tanzania! Kwani nyuki zetu zimekosea nini?"

Watu wakacheka. Ningecheka na mimi nikakaa kimya, dumu lingepelekwa stoo yao, na labda lingelipukia huko peke yake na panya. Lakini Hamisi huyo akasimama. Nani alinituma? Hakuna. Nikafunga kifungo cha koti, nikasema:

"Wazazi wangu, mimi natoka Manyoni, nina maduka mawili. Asali hii haijaguswa na kitu chochote, ipo kama ilivyotoka kwenye mzinga. Namwomba baba wa binti asogee, awe wa kwanza kuonja, kwa mkono wangu mwenyewe."

Mzee Kimanzi akasita. Kwa heshima ya mgeni wa mbali akanyanyuka, akaja, akainama kidogo na kijiko mkononi. Mimi nikashika kifuniko kwa kitambaa, nikazungusha mara moja, na mara ya pili sikuwa na haja ya kuzungusha.

Ulikuwa mlio wa bunduki. Kifuniko kilipaa kikagonga bomba la hema, na asali ikafuata, nusu asali nusu povu, ikampiga mzee kifuani, shati, koti, kidevu, miwani, ikaendelea kutoka kama vile ilikuwa inasubiri zamu yake tangu Namanga. Nikaweka kiganja juu ili nizuie. Msifanye hivyo kamwe, kwa sababu haizuiliki, inachagua tu upande, na ikachagua mstari wa mbele wa akina mama.

Halafu ikakoma. Likabaki dumu linatoa sauti ndogo ya kuchemka, na harufu. Harufu ile ikatembea chini ya hema, kiti kwa kiti, nikawa naiona inavyofika kwa kila mtu kutokana na pua zao.

Syombua akaja mbele. Akachovya kidole kwenye bega la kaka yake, akaonja, akatema.

"Hii ni uki," akasema. Kikamba changu ni cha maneno matano, lakini hilo sikuhitaji kutafsiriwa, maana upande wote wa kwao uliguna kwa pamoja. Pombe.

Mzee Kimanzi akavua miwani. Sikutegemea upole ule, angepiga kelele ningejisikia nafuu. Akasema polepole:

"Muthama. Nilikuambia nini?"

"Uliniambia, mzee."

"Rudisha hao mbuzi kwa gari."

Mlangoni mwa nyumba nilimwona Mwende na kitenge chake kipya, ameweka mkono mdomoni. Kioko alikuwa anatazama viatu vyake. Mama Kioko alikuwa ameanza kulia kimyakimya, na watu wa Nunguni waliokuja na sisi, watu wa kanisa lake mwenyewe, niliwaona mmoja mmoja wanavyomtazama Muthama, wanatazama macho yake kama ni mekundu.

"Mzee, sijaguza pombe miaka sita," akasema Muthama. "Mbele ya Mungu."

"Basi hii imetoka wapi?"

Sasa nisikilizeni. Mtu huyu angeweza kunyoosha kidole tu. Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake, povu limefika kwenye viwiko. Hata hakugeuza shingo upande wangu. Akasema, "Imetoka kwa gari yangu, mzee. Imekaa kwa jikoni yangu. Ni yangu." Mgeni wake asiaibike kwenye boma la watu, basi yeye akaamua kuwa mlevi tena.

Na mimi je? Mimi, badala ya kusema ukweli, nikaanza kueleza habari za jua. Nikasema ni jua, na mtikisiko wa barabara, na kushuka kutoka mlimani ghafla, kwamba asali ya miombo haijazoea.

"Wewe Mtanzania," Syombua akanikata. "Mimi nimeuza asali soko ya Ikutha miaka kumi na nane. Iko moja kwa nyumba imekaa kwa mkebe tangu mwaka juzi, na hili jua. Haijawahi kurukia mtu. Uliweka maji ngapi?"

"Maji, dada?"

"Usiniulize maji. Niambie ngapi."

Nikamtazama Muthama. Alikuwa ameshaanza kwenda kufungua mbuzi, mabega yameanguka, anatembea vilevile nilivyomwona anatembea Arusha zamani, asubuhi za baada ya kunywa. Hapo ndipo kitu kiliponivunjika.

"Lita tano," nikasema.

"Hawajakusikia huko nyuma."

"Lita tano!" nikapaza sauti, mimi niliyekuja na hotuba. "Lita tano za maji, ya chupa. Niliuza asali mpakani nikajazia maji. Muthama hajui kitu. Mkewe hajui, aliniambia dumu limevimba, nikamwambia asali nzuri hupumua. Nilijua tangu Jumatatu kwamba imechacha. Huyu bwana nyumbani kwake sijaona hata chupa tupu. Ni mimi."

Kisha Syombua akarudia taratibu, kama mtu anayeonja: "Asali nzuri hupumua." Akashika kiuno. "Hii yako haikupumua, imehubiri!" Na hema likaanguka kwa kicheko, upande wao, halafu na upande wetu, mpaka msemaji wetu, mtu mzima mwenye mvi, akajifunika uso kwa karatasi yake ya orodha. Mimi nimechekwa maishani lakini sikuwahi kuchekwa na kaunti mbili kwa wakati mmoja.

Mzee Kimanzi hakucheka. Akanisogelea, akaniuliza kama mimi hunywa.

"Sijawahi, mzee. Mimi ni Mwislamu."

Akafikiri. "Kwa hivyo Mwislamu ametoka Tanzania kuletea wazee wa kanisa pombe." Hapo kona ya mdomo ikacheza kidogo, akaizuia. Akanipita, akaenda mpaka kwenye pikapu ambako Muthama alikuwa ameshika kamba ya mbuzi, akampa mkono wake unaonata. Sikusikia yote, nilisikia tu, "Nimekuhukumu mbele ya watu wako, ndugu, na mimi ni mzee wa kanisa." Muthama akajifuta macho kwa mkono huo huo, kwa hiyo naye akapata asali usoni.

Lakini sharti ni sharti, na tone lilikuwa limeingia, si tone tu, karibu dumu. Wazee wao wakaenda nyuma ya nyumba kujadili, wakakaa nusu saa, na mimi nikawa nimekaa kwenye kiti changu, viti vyote vya jirani vimehamishwa. Wakarudi na uamuzi. Mzee alikuwa amesema pombe ikiletwa na watu wa Muthama, na wameona hii haikuletwa na watu wa Muthama, imeletwa na huyu Mtanzania, mtu wa kwake mwenyewe, aliyekuja na mambo yake mwenyewe. Kwa hiyo mbuzi watabaki na binti ataolewa Jumamosi. Huyo mtu wa kwake mwenyewe atalimwaga dumu nje ya boma kwa mkono wake, atalipa faini ya mbuzi, na kabla jua halijazama ataleta lita ishirini za asali ya Ikutha, amebeba yeye.

Na lita ishirini za asali, pale Ikutha siku ile, alikuwa nazo nani kama si Syombua? Tukaongozana naye. Akanitajia bei. Mimi ambaye sijawahi kulipa bei ya kwanza tangu nizaliwe nikafungua mdomo, akaniinulia tu nyusi, nikafunga, nikalipa. Akajaza dumu mbele yangu.

"Tikisa," akaniamuru.

Nikatikisa. Halikutoa sauti.

"Sasa hiyo inaitwa asali, Mtanzania. Beba."

Nikabeba begani, kutoka sokoni mpaka kwa Mzee Kimanzi, koti limenata mgongoni, na wale vijana wa bodaboda wakinisindikiza kwa honi na kuuliza kama inapumua.

Harusi ilikuwa nzuri mno. Mwende alipendeza, Kioko alilia, na Mzee Kimanzi na Muthama walikaa benchi moja la mbele wamegusana mabega. Pastor alipowaita wageni wa mbali wasimame wajitambulishe, nilisimama, na kabla sijataja jina kanisa zima lilikuwa linacheka, nikaona hakuna haja, nikakaa. Muthama hakunisema hata siku moja. Siku ya kuondoka tu, pale Sultan Hamud, alinipa chupa ya maji dirishani. "Hii ni ya kunywa," akasema. "Si ya kuongeza." Halafu akanishika kichwa kama tunavyoshika watoto, akaondoka na pikapu yake.

Tangu hapo nimeapa, na dukani wanajua: nikimpelekea mtu zawadi naipeleka ilivyo, nusu dumu ni nusu dumu, na nikikosea sitaki mtu mwingine asimame mahali pangu hata dakika moja. Mke wangu huniuliza asali ile ya Wakamba ilinigharimu nini hasa, na mimi humjibu kwamba zawadi haina bei. Namdanganya. Mbuzi wa faini, asali ya Syombua, na dobi wa lile koti la kijivu (mzee alikataa hela, mkewe akapokea): shilingi elfu ishirini na tano na mia mbili, za Kenya.